Mita 690: jinsi Bwawa la Mtera lilivyoingia kwenye uniti yako ya umeme

Ukinunua umeme kwa simu unaletewa tarakimu 20 za tokeni, na chini yake orodha ya makato: VAT asilimia 18, REA asilimia 3, EWURA asilimia 1, pamoja na kodi ya jengo inayokatwa humo humo tangu Agosti 2021. Wengi wetu hatusomi hayo yote. Tunaangalia kitu kimoja tu: uniti ngapi. Kama nyumba yako iko kwenye kundi la D1, la watumiaji wadogo wa majumbani, shilingi 1,000 inakupa uniti 8 na kidogo ukiacha hiyo kodi ya jengo. Kama uko T1, hiyo hiyo 1,000 haikufikishi hata uniti 3. Na huyo wa T1 anaweza kuwa jirani yako wa ukuta mmoja, mwenye friji kama yako na feni kama yako.

Hizi bei zilifikaje hapa? Majibu ya kawaida unayajua: mafuta, dola, ufisadi, "TANESCO tu hao". Yote yana ukweli ndani yake. Lakini ukifuata karatasi za miaka thelathini iliyopita, unakuta zinarudi kila mara kwenye namba moja iliyoandikwa pembeni ya ziwa moja lililoko mpakani mwa Dodoma na Iringa. Namba yenyewe ni mita 690 juu ya usawa wa bahari. Hicho ndicho kina cha chini ambacho Bwawa la Mtera linaruhusiwa kufikia likiwa bado linazalisha umeme. Likijaa kabisa linafika mita 698.5. Yaani kati ya neema na mgao kuna mita nane na nusu tu, kama urefu wa nyumba ya ghorofa mbili.

Ukitoka Dodoma mjini kwenda Iringa, baada ya zaidi ya kilomita 100 za mibuyu na vumbi jekundu, barabara inapita juu ya bwawa lenyewe. Upande mmoja maji mpaka macho yanachoka, upande wa pili bonde la mawe. Pembeni watu wanauza perege na kambale waliokaushwa. Likijaa, ziwa lina eneo la karibu kilomita za mraba 660 na urefu wa zaidi ya kilomita 50. Na hili liko Ugogo, nchi ambayo mvua yake ni kama milimita 570 kwa mwaka, zote zikishuka kati ya mwisho wa mwaka na Aprili. Mtu anayepita mara ya kwanza lazima ajiulize: nani aliamua kuhifadhi maji ya taifa mahali pakavu namna hii?

Jibu ni kwamba maji si ya hapo. Ruaha Mkuu inatoka kwenye milima ya Nyanda za Juu Kusini, inatandaa kwenye tambarare za Usangu, inapita kwenye kinamasi cha Ihefu, inakatiza Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, ndipo inafika Mtera. Njiani inaungana na Ruaha Mdogo kutoka Iringa na Kisigo kutoka upande wa Singida. Wanahaidrolojia wamekadiria kwamba zaidi ya nusu ya maji yanayoingia Mtera yanaletwa na Ruaha Mkuu, robo hivi na Kisigo, yaliyobaki na Ruaha Mdogo. Mtera ni mahali ambapo mito hiyo yote imeshakutana na bonde bado ni pana.

Bwawa lilijengwa kumtumikia mtu mwingine. Mwaka 1975, kwa fedha za Benki ya Dunia na Sweden, Tanzania iliwasha awamu ya kwanza ya kituo cha Kidatu, chini zaidi kwenye mto huo huo. Kumbuka hali ya wakati ule. Mwaka 1973 bei ya mafuta duniani iliruka karibu mara nne ndani ya miezi michache, na miji mingi ya ndani ya nchi ilikuwa inategemea majenereta ya dizeli, Dodoma ikiwemo. Mwaka huo huo wa 1973 TANU iliamua makao makuu yahamie Dodoma. Umeme wa maji ulionekana kama ukombozi: mto hautozi dola.

Shida ya Kidatu ni kwamba bwawa lake ni dogo, lina meta za ujazo zinazotumika kama milioni 125. Kwa kituo ambacho baadaye kilifika megawati 204, hilo ni kopo. Kiangazi kikikaza, kopo linakauka. Hivyo juu yake ikahitajika pipa, na pipa ndiyo Mtera: meta za ujazo zinazotumika zaidi ya bilioni 3. Ukuta ulikamilika mwanzoni mwa miaka ya themanini, na kwa miaka kadhaa Mtera haikuzalisha hata wati moja. Kazi yake ilikuwa kupokea maji ya masika na kuyagawa polepole kwa Kidatu mwaka mzima. Mashine zake mbili za megawati 40 kila moja ziliwashwa mwaka 1988. Tarehe hiyo ishike, nitairudia.

Hebu kwanza tupige hesabu moja, maana bila hesabu hii maneno "kina kimeshuka" yanabaki hewani. Maji yakianguka yanatoa nishati sawa na uzito wake mara urefu wa kuanguka. Pale Mtera yanaanguka kama mita 100 ndani ya mwamba. Meta moja ya ujazo, yaani kilo 1,000, ikianguka mita 100 inatoa jouli 981,000. Gawa kwa milioni 3.6, ambazo ni jouli za uniti moja, unapata uniti 0.27. Toa asilimia 10 ya upotevu kwenye mashine, inabaki 0.24 hivi. Maji hayo hayo yakifika Kidatu yanaanguka tena, safari hii kama mita 175, na kutoa 0.43. Jumla uniti 0.67. Kwa maneno mengine uniti moja ya umeme inakula karibu lita 1,500 za Ruaha. Nyumba inayotumia uniti 75 kwa mwezi imetumia zaidi ya lita 110,000, kama ndoo 5,600 za lita 20. Ukiiacha taa ya wati 9 inawaka usiku kucha kwa masaa 12, hizo ni ndoo nane.

Na jua nalo lina mgao wake. Kwenye ukanda huu maji ya ziwa yanapoteza karibu mita 2 kwa mwaka kwa mvuke. Mita 2 juu ya kilomita za mraba 600 ni meta za ujazo bilioni 1.2. Zaidi ya theluthi ya pipa inakwenda mawinguni bila kugusa mashine. Hiyo ndiyo gharama ya kuweka pipa pana na lisilo na kina kwenye nchi ya jua kali, na wahandisi waliijua tangu mwanzo. Kinachofuata kwenye hesabu yao ni kwamba namna ya kufungua na kufunga mageti inakuwa suala la kufa na kupona.

Nani alikausha Mtera?

Mwaka 1992 nchi iliingia kwenye mgao wa umeme, na mwaka 1994 ikaingia tena. Wenye umri wa wazazi wetu wanaukumbuka: mashine za kusaga kimya, saluni zimefungwa, mishumaa imepanda bei. (Waziri Mkuu wa kipindi hicho, John Malecela, alikuwa kwa miaka mingi mbunge wa jimbo linaloitwa, ndiyo, Mtera.) Wakati huo umeme karibu wote wa gridi ulikuwa wa maji, na Mtera na Kidatu ndizo zilikuwa moyo wake. Kina cha Mtera kilikuwa kimeshuka vibaya. Na kwenye kiangazi cha mwisho wa 1993 Ruaha Mkuu ilikauka ndani ya hifadhi ya taifa, viboko wakabaki wamebanana kwenye madimbwi.

Ukiwa na mto uliokauka juu na ziwa lililopungua chini, hitimisho linajitengeneza lenyewe: mtu huko juu anakula maji yetu. Macho yakageukia Usangu. Walikuwepo wakulima wa mpunga, wadogo kwa wakubwa, pamoja na mashamba makubwa ya serikali ya Mbarali na Kapunga. Walikuwepo pia wafugaji, Wasukuma, Wamasai, Wabarabaig, waliohamia na ng'ombe wao kwa miongo kadhaa. Mwaka 2001 Waziri Mkuu Frederick Sumaye alitangaza akiwa London kwamba Ruaha Mkuu itatiririka mwaka mzima ifikapo 2010. Kwenye redio na magazeti habari ilikuwa fupi na tamu: ng'ombe wa Ihefu wanazima taa za Dar es Salaam.

Sasa hapa ndipo sayansi inapokuja na maswali yake ya kuudhi. Kati ya 1998 na 2002 mradi mmoja wa utafiti ulioitwa SMUWC, kwa ufadhili wa Uingereza, ulipima maji ya Usangu kwa undani. Ulichokikuta ni matatizo mawili yaliyokuwa yamefungwa kwenye furushi moja. La kwanza, mto kukauka kiangazi ndani ya hifadhi, ni la kweli, na sababu yake kubwa ni maji yanayochepushwa kwenda kwenye mifereji ya mashamba wakati mto tayari uko chini. Ng'ombe hawamo kwenye nafasi ya kwanza. La pili, ziwa la Mtera kupungua, ni jambo jingine kabisa. Maji ya kiangazi kutoka Usangu ni kidogo mno hata pakiwa hakuna shamba moja. Mtera inajazwa na mafuriko ya masika, kuanzia Januari mpaka Mei, wakati kila mfereji wa Usangu umefurika na mto unapita kwa nguvu zake. Hata ungeurudisha mtiririko wote wa kiangazi, ungefika Mtera na sehemu kubwa ungeishia kwenye ule mvuke wa mita 2.

Kama ni hivyo, maji yalikwenda wapi? Mwaka 2003 Yawson na wenzake, miongoni mwao Kachroo na Mtalo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walifanya kitu rahisi kukieleza na kigumu kukitenda. Waliweka Mtera na Kidatu kwenye modeli moja na kufuatilia hesabu ya maji yanayoingia, yanayotoka na yanayomwagika. Kati ya Mtera na Kidatu kuna mito mingine, Lukosi na Yovi. Masika mito hiyo peke yake inaweza kuishibisha Kidatu kwa wiki nyingi. Mwendeshaji mwenye akili ya akiba angefunga geti la Mtera kipindi hicho, akaliacha pipa lijae. Hesabu ilionyesha kwamba mara nyingine lilifanyika kinyume: maji yalitolewa Mtera wakati Kidatu haiyahitaji, na Kidatu ikayamwaga juu ya ukuta bila kuyapitisha kwenye mashine. Hitimisho lao ni kwamba mgao wa mwanzoni mwa miaka ya tisini ulitokana kwa kiasi kikubwa na namna mabwawa yalivyoendeshwa.

Kwa nini mtu afanye hivyo? Rudi kwenye ile tarehe, 1988. Mimi naona (na haya ni maoni yangu, si ya hao watafiti) kwamba mashine za Mtera zilibadilisha kishawishi. Zamani kila tone lililotoka Mtera lilikuwa akiba ya Kidatu. Baada ya 1988 kila tone linalotoka linazalisha umeme hapo hapo. Mahitaji yakipanda jioni na wakubwa wanapiga simu, kufungua geti kunakupa megawati 80 leo. Kulifunga kunakupa umeme wa Novemba, na Novemba ni mbali.

Utafiti huo haukuwahi kupata umaarufu wa ile hadithi ya ng'ombe. Mwanaanthropolojia Martin Walsh aliandika mwaka 2012 jinsi hofu ya mazingira ilivyojengwa juu ya Ruaha na kubebwa na watu wenye sababu tofauti: uhifadhi, utalii, umeme, siasa. Na hofu ilikuwa na matokeo. Mwaka 2006 na 2007, nchi ikiwa imetoka kwenye mgao mwingine mkali, wafugaji waliondolewa kwa nguvu Usangu na Ihefu, wengi wakasukumwa mpaka mikoa ya Pwani na Lindi, na mifugo ikafa njiani. Malalamiko yalizidi hadi Rais Kikwete akaunda tume ya kuchunguza operesheni hiyo mwaka 2007. Mwaka 2008 eneo lenyewe likaingizwa kwenye Hifadhi ya Ruaha. Sisemi kwamba Usangu haikuhitaji mpango wa maji. Ilihitaji, na bado inahitaji. Lakini familia zilizohamishwa kwa kosa la kuzima taa zilibeba mzigo ambao, kwa hesabu ya maji, haukuwa wao.

Kutoka geti mpaka bili

Kila ukame ulizaa mkataba. Mgao wa 1994 ulizaa IPTL, kiwanda cha megawati 100 cha mafuta mazito kule Tegeta. Mkataba ulisainiwa 1995, ukaenda kwenye usuluhishi wa kimataifa, na mitambo ikaanza kuuza umeme kibiashara mwaka 2002. Mgao wa 2006 ulizaa Richmond, kampuni iliyopewa kazi ya kuleta megawati 100 za dharura na kushindwa. Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu baada ya ripoti ya kamati ya Bunge iliyoongozwa na Harrison Mwakyembe. Mgao wa 2011 ulizaa mpango mwingine wa dharura na mitambo ya kukodi. Kisha 2014 Tegeta ikarudi na sakata la akaunti ya Escrow. Nayapitia haraka kwa sababu unayajua, na kwa sababu sehemu inayokuhusu zaidi ndiyo isiyosemwa sana.

Sehemu hiyo ni malipo ya uwezo. Mikataba ya namna hii inalipwa mara mbili: unalipia umeme unaochukua, na unalipia mitambo kuwepo, hata kama imezimwa kwa sababu mvua imenyesha na mabwawa yamejaa. Ni kama kukodi bodaboda kwa mwezi mzima. Usipopanda, hela ya siku bado anaidai. Ukiongeza mafuta yanayonunuliwa kwa dola, uniti ya dharura inaishia kuwa ghali mara kadhaa kuliko ya Mtera.

Angalia bei ya T1 ilivyokwenda, kabla ya makato. Mwaka 2011 ilikuwa shilingi 157 kwa uniti. Januari 2012, mara tu baada ya mpango wa dharura, EWURA iliruhusu ongezeko la asilimia 40.29 na ikawa 221. Januari 2014 ikapanda tena mpaka 306. Mwaka 2016 ikashushwa kidogo hadi 292, na ile ada ya huduma ya shilingi 5,520 kwa mwezi ikafutwa. Mwisho wa 2016 EWURA iliidhinisha ongezeko la asilimia 8.53, lakini Serikali ya Rais Magufuli ikalifuta siku ya mwaka mpya, na mkurugenzi wa TANESCO akapoteza kazi. Bei ya D1 ilitoka 49 kwenda 60, kisha 100, ikakaa hapo.

Sasa rudi kwa wewe na jirani yako. D1 ni shilingi 100 kwa uniti 75 za kwanza, ambazo ukijumlisha makato ni 122. Kila uniti inayozidi 75 ni 350, na makato inafika 427. T1 ni 292, na makato inakuwa 356 na senti. Chukua nyumba ya kawaida ya vyumba vitatu Dodoma. Friji ndogo inakula uniti 30 kwa mwezi, televisheni 12, feni 12 (Oktoba Dodoma bila feni hulali), taa sita za LED 8, pasi 8, simu 2. Jumla 72. Uko salama, unalipa chini ya 9,000. Nunua birika la umeme la wati 2,000 na ulitumie robo saa tu kila siku: uniti 15 zaidi. Sasa ni 87, na hizo 12 zilizovuka mstari zinakugharimu zaidi ya 5,000, kwenye jumla ya kama 14,300. Ukiendelea kuvuka, unahamishiwa T1, na nyumba ile ile inalipa karibu 31,000. Ndiyo maana kwenye mabaraza ya wapangaji watu wanagombana kuhusu birika kuliko kuhusu friji.

Sola juu ya bati

Wakati gridi ikihangaika na mvua, watu waliokuwa nje yake walitafuta njia. Utafiti wa kitaifa wa upatikanaji wa nishati wa mwaka 2016 ulikuta kaya zenye umeme nchini ni asilimia 32.8. Kwa vijijini ilikuwa 16.9, na kati ya hizo, karibu mbili kwa kila tatu zilitumia sola. Si gridi, sola. Kampuni za kulipia kidogo kidogo kwa simu, kama Off Grid Electric iliyoanzia Arusha, ziliuza taa, chaji na redio kwa watu ambao hesabu yao haikuwa uniti 75. Hesabu yao ilikuwa mafuta ya taa.

Lakini wewe uliye Area C, Nkuhungu au Ipagala, wenye LUKU ukutani, je, sola inakulipa? Kwa jua hatuna shida. Uwanda wa kati ni miongoni mwa sehemu bora nchini, na kipimo cha wastani cha "saa tano za jua kamili" kwa siku ni cha tahadhari. Paneli ya wati 100 ingetoa uniti 0.5 kwa siku. Kwenye mazingira ya Dodoma toa upotevu. Paneli ikilala juu ya bati la moto inafika nyuzi 60, na silikoni inapoteza kama asilimia 0.4 kwa kila nyuzi inayozidi 25, kwa hiyo asilimia 14 imeenda. Vumbi la Agosti linachukua fungu lake, betri na inveta la kwao. Inabaki kama 0.37, yaani uniti 11 kwa mwezi.

Uniti 11 kwa bei ya D1 ni shilingi 1,342. Kwa miaka mitano, kama 80,000. Kwa T1 ni 3,900 kwa mwezi, na miaka mitano inafika kama 235,000. Nenda dukani uliza bei ya paneli, betri, kidhibiti chaji na inveta, halafu linganisha mwenyewe. Utaona haraka kwamba kwa mtu wa D1 sola haiwezi kushindana na shilingi 122. Anachonunua ni kitu kingine: taa na televisheni umeme ukikatika. Kwa mwenye T1, au mwenye duka linalotumia friji mchana, hesabu inabadilika, hasa akitumia umeme jua likiwaka badala ya kuulaza kwenye betri. Betri ndiyo inayokula faida. Ile ya asidi ukiikamua kila usiku mpaka chini inakufa ndani ya miaka miwili mitatu, wakati ya lithiamu ni ghali kuinunua ila inavumilia maelfu ya mizunguko. Na kama unafunga, usilaze paneli moja kwa moja juu ya bati. Inyanyue iwe na nafasi ya hewa chini, iinamishe nyuzi 10 hadi 15 kuelekea kaskazini (Dodoma iko nyuzi 6 kusini mwa ikweta), na uifute vumbi asubuhi ikiwa bado baridi.

Kitu ambacho bei ya 122 inakificha ni kwamba jua na Mtera vinakamilishana. Miezi ambayo ziwa linashuka, Juni mpaka Novemba, ndiyo miezi ambayo anga la Dodoma ni jeupe. Kila uniti inayotoka juani mchana wa Oktoba inaacha lita 1,500 nyuma ya geti. Kishapu, Shinyanga, serikali ilianza kujenga kituo cha sola cha gridi, awamu ya kwanza megawati 50, na mantiki yake ni hiyo hiyo. Ilichelewa. Oktoba 2015 uzalishaji wa maji ulipoanguka mpaka megawati 105 kati ya 561 zilizofungwa na vituo vikaanza kuzimwa, kilichoibeba nchi ni gesi ya Songo Songo na Mtwara.

Leo picha imegeuka. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Rufiji, megawati 2,115, liliwasha mashine ya kwanza Februari 2024 na ya tisa mwaka 2025. Mwezi mmoja baada ya ile ya kwanza, vituo vitano vya maji vilizimwa kwa sababu umeme ulizidi mahitaji. Mitambo ya gridi sasa ina zaidi ya megawati 4,000 na mahitaji ya juu ni karibu 2,000. Umeme ukikatika kwako wiki hii, uwezekano mkubwa ni nguzo, transfoma au laini, si kina cha ziwa. Umbali wenyewe una bei: Machi 2025 Serikali ilieleza mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, kwa hoja ya upotevu njiani.

Na Mtera? Ruaha Mkuu inaingia Rufiji juu kidogo ya bwawa jipya. Maji yale yale yanayopita Mtera, kisha Kidatu, sasa yanazungusha mashine mara ya tatu. Lita 1,500 kwa uniti si sahihi tena, ni chini ya hapo. Geti la Mtera likifunguliwa ovyo masika, maji hayapotei moja kwa moja kama zamani, kuna pipa kubwa zaidi chini la kuyadaka. Ila mwenye kuamua afungue lini sasa ana vituo vitatu vya kufikiria badala ya viwili, wakulima wa mpunga juu, wavuvi wa Migoli katikati, na delta ya Rufiji mwisho. Vipimo vya kina cha Mtera huchukuliwa kila siku. Vingekuwa vinawekwa hadharani kila siku pia, pamoja na kiasi kinachotolewa getini, mwanafunzi yeyote mwenye laptopu angeweza kurudia hesabu ya Yawson na wenzake kwa mwaka huu, kabla ya kiangazi badala ya miaka kumi baadaye.